Kufuzu Grand Prix ya spidiwei: ni uwezo, au ni droo, geti na trekta?

#1 Msasi wa Kona
Wakuu salaam. Mwaka 2025 Brady Kurtz wa Australia alimaliza Grand Prix ya spidiwei, yaani ubingwa wa dunia wa mbio hizi za pikipiki, akiwa nyuma ya Bartosz Zmarzlik wa Poland kwa pointi moja. Msimu mzima, pointi moja! Na jamaa hakuwa na nafasi aliyoibeba kutoka Grand Prix ya msimu uliotangulia. Aliingia kwa mlango wa Challenge, ile fainali ya kufuzu ya msimu wa kabla yake.

Sasa chukulia mnyororo wake ungekatika jioni ile. Tungemkosa mtu aliyekaribia kuwa bingwa wa dunia, na wala tusingejua kwamba tumemkosa.

Hoja yangu ni hii: raundi za kufuzu hazipimi nani mkali, zinapima nani kaamka vizuri. Unakimbia jioni moja, hiti (mbio fupi) tano za dakika moja moja, mwaka wako umekwisha. Kila msimu kuna majina makubwa yanaachwa kwenye viwanja vya Žarnovica, Lonigo au Abensberg, halafu wanaopita wengine wakifika Grand Prix wanabeba mkia. Kwa nini wakali wanakwama huku? Karibuni.

#2 Mtata
Umeruka kipande. Huyo Kurtz unayemlilia alishinda raundi tano za Grand Prix mfululizo mwaka huo. Mtu wa hivyo unamtolea mfano wa bahati? Huo ni mfano wa mchujo uliofanya kazi yake.

#3 Msasi wa Kona
@Mtata soma tena. Sijasema alipita kwa bahati. Nimesema angeweza kukosa kwa bahati. Ni vitu viwili.

#4 Mgeni Njiani
Samahani wakuu, mimi mchezo huu nimeukuta juzi tu kwenye simu. Ni kweli pikipiki hazina breki? Na hiyo Challenge ni nini?

#5 Fundi Klachi
@Mgeni Njiani karibu. Ni kweli, hakuna breki hata moja. Injini ya silinda moja, ya cc 500, inakunywa methanoli, gia moja tu, na uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 77. Wanakimbia wanne kwa wakati mmoja, mizunguko minne, daima kwa upande wa kushoto, kwenye njia ya udongo. Kona haipigwi kwa kupunguza mwendo. Inapigwa kwa kuifungulia moto hadi tairi la nyuma liteleze, mguu wa kushoto ukiwa umevaa soli ya chuma na kuburuzwa chini. Wa kwanza anapata 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anarudi na vumbi lake.

Challenge: shirikisho la dunia, FIM, linaanza na raundi kadhaa za kufuzu katika nchi mbalimbali. Wanaofanya vizuri huko wanakutanishwa jioni moja, hiyo ndiyo Challenge. Wachache wa juu kabisa wanaingia Grand Prix ya mwaka unaofuata.

#6 Mgeni Njiani
Asante sana Fundi. Nimekaa pembeni nasoma.

#7 Hesabu Safi
Msasi, hoja ya "droo" kwenye kichwa chako naikataa kwa kalamu na karatasi. Jioni moja ina wakimbiaji 16 na hiti 20. Kila mtu anakimbia mara 5, kila mara na wapinzani 3. Tano mara tatu ni 15, na 16 ukijitoa wewe ni 15. Maana yake unakutana na KILA MTU mara moja, hakuna anayekwepwa na hakuna anayerudiwa. Nionyeshe mashindano mengine ya mchujo yaliyo na haki kiasi hicho. Kwenye soka unaweza kupewa kundi la vibonde. Hapa haiwezekani.

#8 Fundi Klachi
Hesabu yako ni safi kama jina lako, ila umehesabu watu ukasahau udongo.

Mageti, yaani nafasi za kuanzia, ni manne, hiti zako ni tano. Kila geti unalipata angalau mara moja, na moja unalirudia. Lipi unarudia, na la nje unalipata saa ngapi, hapo ndipo droo inapokuuma. Mwanzo wa jioni njia imetoka kumwagiwa maji na kusawazishwa. Geti la ndani lina mshiko na ndiyo safari fupi. Kadiri hiti zinavyokwenda, matairi yanasukuma udongo laini kwenda nje na ndani panabaki pagumu, panang'aa. Ikifika hiti ya 10 hivi, aliye geti la nne anaweza kukuta udongo umerundikana njiani kwake, tairi linauma na anawazunguka wote kona ya kwanza. Halafu trekta linaingia, linasawazisha, mnaanza upya.

Kwa hiyo mtu akipangiwa geti la nje mapema, halafu la ndani pakishakuwa kama sakafu, kakutana na wale wale 15 unaowasema, lakini kwenye viwanja viwili tofauti.

#9 Mtata
Kwa hiyo bingwa wa dunia anachaguliwa na dereva wa trekta. Sawa.

#10 Babu wa Wembley
Vijana mnadhani mmeanza jana. Ubishi huu una umri sawa na mashindano yenyewe. Fainali ya kwanza ya dunia ilikuwa Wembley, London, mwaka 1936. Bluey Wilkinson wa Australia alishinda hiti zake ZOTE tano usiku ule. Bingwa akawa nani? Lionel van Praag, Mwaustralia mwenzake. Wakati ule pointi za ziada za raundi za mchujo zilibebwa hadi fainali. Van Praag na Eric Langton wa Uingereza walifikisha 26, Wilkinson 25. Wawili wale wakarudiana, van Praag akashinda. Wilkinson alisubiri hadi 1938 kupata taji lake.

Ukimuuliza Wilkinson, kufuzu kulihesabiwa kupita kiasi. Leo Msasi analalamika kwamba mchujo ni jioni moja tu. Ulipokuwa msimu mzima watu walilia pia.

#11 Kona Mbili
Babu heshima yako. Ndiyo maana ile fainali ya usiku mmoja ilifutwa mwaka 1995 ikaja Grand Prix ya raundi nyingi. Waliona bingwa wa usiku mmoja si bingwa. Jerzy Szczakiel 1973 mbele ya watu zaidi ya 100,000 pale Chorzów, Poland, alichukua ubingwa kwenye mbio ya kuamua baada ya Ivan Mauger kuanguka. Hakurudia tena.

Ajabu ni kwamba walibadilisha juu wakaacha chini. Bingwa anatafutwa kwa raundi nyingi, lakini wa kumpinga anatafutwa kwa jioni moja. Hapo naungana na mleta uzi.

#12 Babu wa Wembley
@Kona Mbili usimdharau Szczakiel. Mauger alianguka mwenyewe, hakusukumwa. Na Mauger yule aliyechukua mataji sita, matano kati ya hayo na hata zaidi aliyapigania kwa mfumo huo huo wa usiku mmoja. Mkali hurudi. Ove Fundin wa Sweden naye alirudi mara tano. Usiku mmoja haukuwazuia.

#13 Hesabu Safi
Babu, "matano na hata zaidi" ndiyo lugha gani? Mataji ya Mauger ni sita na YOTE ni ya usiku mmoja: 1968, 1969, 1970, 1972, 1977, 1979. Grand Prix ilikuja miaka 16 baadaye.

#14 Babu wa Wembley
Haya mwalimu, nimekusikia. Inazidi kunipa nguvu.

#15 Dada wa Pembeni ya Njia
Mimi niko Poland kwa masomo na nimekuwa nikienda viwanjani, kwa hiyo nawaletea upande mwingine. Mnaongea kana kwamba wakimbiaji wote wanafika kwenye kufuzu wakiwa wamelala usingizi wa kutosha.

Mkimbiaji wa juu ana mechi ya ligi ya Poland wikiendi, Jumanne yuko Sweden, wengine wana timu Uingereza pia. Analala ndani ya gari dogo la mizigo pamoja na pikipiki mbili na mafundi wawili. Ligi ya Poland inalipa kwa kila pointi unayoleta. Halafu katikati ya ratiba hiyo anaambiwa aende uwanja mdogo nchi nyingine kutafuta tiketi ya mwakani. Akivunja mfupa wa bega huko, mshahara wa ligi umekwenda.

Niliwahi kumtazama mmoja, jina silitaji, ana uwezo mkubwa. Hiti ya kwanza alitoka vizuri, wakaingia kona ya kwanza wanne sambamba, akafunga mkono wa moto. Alirudisha, yaani alipunguza mwendo. Kwenye ligi hajawahi kurudisha pale. Alimaliza jioni na pointi chache akapakia gari kabla hata ya wengine kumaliza. Huyo hakukosa geti wala droo.

#16 Mtata
Dada umesema jambo. Ila kama hutaki kuvunjika, usiende. Wapo wanaotaka hiyo nafasi kwa meno.

#17 Dada wa Pembeni ya Njia
Hapo ndipo pana uchungu wa pili. Wanaoitaka kwa meno wengi hawaruhusiwi hata kujaribu. Nafasi za raundi za kufuzu zinagawiwa kwa mashirikisho ya nchi. Poland wana wakimbiaji wa kujaza Challenge nzima peke yao, lakini wanapewa nafasi chache kama wengine. Kwa hiyo kuna mtu anabaki nyumbani akiwa bora kuliko nusu ya waliopangwa.

#18 Msasi wa Kona
Naam! Hiyo nayo nilitaka mtu aiseme.

#19 Kona Mbili
Mimi hapo nawatetea FIM. Ukijaza Wapoland 12, si mashindano ya dunia tena, ni ligi yao imebadilishwa jina. Mchezo unahitaji Mslovakia, Mlatvia, Mcheki. Mfano Andžejs Lebedevs wa Latvia: bila milango ya aina nyingi, ikiwemo ule wa ubingwa wa Ulaya unaompa mshindi nafasi ya Grand Prix, nchi kama ile ingeonekana wapi?

#20 Fundi Klachi
Turudi kwenye chuma. Sababu ambayo mashabiki hawaioni ni saizi ya uwanja. Kanuni inaruhusu njia ya mita 260 hadi 425. Krško kule Slovenia ni mita 388. Ukitoka huko ukaenda kwenye njia fupi yenye kona za kubana, pikipiki uliyonayo siyo pikipiki unayoihitaji.

Kwa sababu gia ni moja, mwendo wako wote unapangwa kwa meno ya sproketi, lile gurudumu la meno la nyuma linalovutwa na mnyororo. Kati ya hiti na hiti una muda wa kufuta matope, kufungua tairi la nyuma, kubadilisha sproketi kwa jino MOJA, kukaza mnyororo, kugusa jeti ya kabureta kwa sababu jua limezama na hewa imekuwa nzito. Jino moja likizidi, unachomoka getini lakini injini inapiga kelele katikati ya njia iliyonyooka na haina kitu tena. Likipungua, unaachwa utepe wa kuanzia ukipanda. Fundi anakuuliza "vipi?", wewe umepumua vumbi dakika nzima, unajibu "haivuti". Haivuti wapi? Getini au kona ya kutokea? Kwenye jibu hilo ndipo tiketi inapotea.

Anayekimbia ligi anaujua uwanja wake wa nyumbani kwa moyo. Kwenye kufuzu kuna mwenyeji aliyekulia pale na daftari lake la miaka. Egon Müller wa Ujerumani mwaka 1983 alichukua ubingwa wa dunia kwao Norden, hiti tano pointi 15. Mjerumani pekee kuwahi kuwa bingwa. Je, angeupata London? Mimi nasema hapana.

#21 Babu wa Wembley
Fundi hapo kwa Müller umenigusa. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa kwenye mbio za njia ndefu, zile za viwanja vikubwa zaidi, miaka mingi, si wa kuokotwa. Nyumbani kulimsaidia, lakini pointi 15 huokoti.

#22 Fundi Klachi
Sijasema kaokota Babu. Nimesema uwanja ulimjua.

#23 Jicho la Refa
Nimesoma yote, hakuna aliyetaja kitu kinachonuka: kubebana. Kwenye ligi mnapanda kwa timu. Kwenye kufuzu kila mtu ni kivyake, lakini bendera zipo. Bruce Penhall wa Marekani, fainali ya 1982, aliwaachia Wamarekani wenzake wapite. Kila mtu aliona.

#24 Babu wa Wembley
@Jicho la Refa mwaka ni sahihi, mahali umekosea. Si kwenye fainali ya dunia. Fainali ile ilikuwa Los Angeles na Penhall alishinda, akastaafu hapo hapo akiwa na kombe. Unayoisema ilikuwa kwenye Overseas Final, White City, London, ambayo ilikuwa ngazi ya MCHUJO. Yeye tayari alikuwa na pointi za kuvuka, hiti imejaa Wamarekani watupu, akabaki nyuma ili wenzake wapate pointi wavuke naye. Uwanja mzima ulimzomea.

Wakati ule ngazi zilikuwa nyingi kama shule: fainali ya nchi, kisha ya kanda, Nordic au Continental au Overseas kutegemea unatoka wapi, na wa Nordic na Overseas walipita Intercontinental pia, ndiyo ufike fainali. Kila ngazi ilikuwa na mwanya wa mtu kumbeba mwenzake.

#25 Jicho la Refa
Asante kwa kunyoosha. Basi ndiyo imenoga zaidi, maana uzi ni wa kufuzu. Na hadi leo: hiti ya 19, una pointi zako tosha, wa taifa lako yuko nyuma yako anahitaji 2. Utakaza mkono? Refa atathibitisha vipi kwamba umerudisha makusudi?

#26 Mtata
Mwenye pointi tosha hatakiwi kuvunja shingo hiti ya mwisho. Hilo si kubebana, hiyo ni akili.

#27 Kona Mbili
Hiyo "akili" ndiyo ilizomewa na uwanja mzima.

#28 Mgeni Njiani
Swali dogo. Kama kufuzu kuna kasoro hizi zote, kwa nini wasichague tu wakali kwa kuwaangalia msimu mzima?

#29 Hesabu Safi
Wanafanya hivyo pia. Grand Prix haijazwi na Challenge peke yake. Miaka mingi ilikuwa 8 wa kwanza wanabaki, 3 wanatoka Challenge, waliobaki wanaalikwa. Baadaye wanaobaki wakapunguzwa wakawa 6. Kuna wanaochaguliwa na waandaaji, na hapo ndipo povu huwa jingi zaidi kuliko hata kwenye droo.

#30 Msasi wa Kona
Waalikwa ndio kabisa. Angalau Tai Woffinden alipita kwa jasho kabla ya kuwa bingwa 2013.

#31 Kona Mbili
Hapana mkuu. Woffinden 2013 alikuwa MWALIKWA. Hakufuzu. Alialikwa, akachukua dunia, akarudia 2015 na 2018. Umejipiga bao mwenyewe.

#32 Mtata
😂😂 Msasi amejisaka.

#33 Msasi wa Kona
Chekeni tu. Basi mnaona? Mwalikwa kawa bingwa, na mchujo wa mwaka ule haukumpitisha. Hoja yangu ndiyo hiyo hiyo inatembea.

#34 Hesabu Safi
Hiyo hoja yako ina miguu mingi. Kurtz akipita, mchujo ni bahati. Woffinden asipopita, mchujo ni bahati. Niambie tukio gani likitokea utakubali mchujo ni sawa?

#35 Msasi wa Kona
Wapige raundi tatu za Challenge, viwanja vitatu vya saizi tofauti, wajumlishe pointi. Nitakubali siku hiyo hiyo.

#36 Dada wa Pembeni ya Njia
Na nani atapata wikiendi tatu? Nimeeleza hapo juu, #15. Hiyo ratiba utaitoa kwenye usingizi wao?

#37 Jicho la Refa
Pia tusisahau kwamba wengine hutolewa na vitu visivyo vya mwendo kabisa. Kugusa utepe wa kuanzia, umetolewa kwenye hiti. Dakika mbili za kufika getini zikiisha hujafika, umetolewa. Kwenye hiti tano, sifuri moja ya utepe ni msiba. Mwenye raundi kumi anafidia.

Zmarzlik mwenyewe, 2023 pale Vojens, Denmark, alikwenda kuhitimisha ubingwa, akafutwa kwenye raundi nzima kwa sababu alivaa suti isiyo ya mashindano yale kwenye mazoezi ya kupanga nafasi. Suti! Alikwenda kumalizia Toruń na taji akalipata. Sasa hiyo ingemkuta kwenye Challenge?

#38 Mtata
Bingwa wa dunia kakwamishwa na nguo. Mafundi wawili, pikipiki mbili, hakuna wa kumwambia "kaka, siyo hiyo".

#39 Fundi Klachi
Mafundi hawaangalii suti, wanaangalia mnyororo. Tusilaumiwe.

#40 Kona Mbili
Na utepe nao huwa hauna dhamana. Warsaw 2015, uwanja wa taifa umejaa, utepe ukawa unagoma kupanda sawasawa, njia nayo mbovu, wakasimamisha baada ya hiti 12. Matej Žagar wa Slovenia akatangazwa mshindi. Hapo ni Grand Prix, yenye pesa na kamera. Kwenye raundi ya kufuzu unategemea mashine ya klabu.

#41 Babu wa Wembley
Mark Loram wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2000 bila kushinda raundi hata moja. Alikuwa anaokota pointi tu, raundi kwa raundi. Mtu wa aina yake mchujo wa jioni moja unamwonea kweli. Lakini upo upande wa pili: mtu wa usiku mmoja, anayewaka akiona utepe, raundi kumi zinamchosha. Kila mfumo una mtoto wake unaompenda.

#42 Hesabu Safi
Hapo Babu nakubaliana nawe, ila bado kutana-na-wote ni haki kuliko chochote.

#43 Fundi Klachi
Na mimi bado nasema udongo.

#44 Dada wa Pembeni ya Njia
Na mimi uchovu na pesa ya ligi. Nimewaona kwa macho.

#45 Mgeni Njiani
Nimejifunza mengi wakuu. Nikiamua kutazama raundi moja ya kufuzu kwa mara ya kwanza, niangalie nini ili nijue nani atapita kabla ya hiti ya 20?

#46 Fundi Klachi
Hiti nne za kwanza usihangaike na pointi. Tazama nani anashinda kutoka geti gani. Trekta likiingia, angalia linasukuma udongo wapi: likiurudisha ndani, wenye geti la kwanza na la pili hiti zinazofuata wanakula. Likiuacha nje, shika karatasi ya droo utafute nani ana geti la tatu na la nne. Halafu mtazame mkimbiaji akiwa anasubiri nje. Anayetembea hadi kona ya kwanza na kugusa udongo kwa buti kabla ya hiti yake, huyo anafuatilia mchezo. Aliyekaa na simu, muache.

#47 Mtata
Kwa hiyo watu wanalipa kiingilio, wanakaa saa tatu, kuangalia trekta.

#48 Fundi Klachi
Ndiyo. Na ukilijua, utawaudhi sana wenzako jukwaani.